Bodi Iliyonunua Fuo za Maziwa: Charles Loring na Bustani za Minneapolis

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tuko Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na tunamzungumzia Charles Loring, mfanyabiashara wa unga wa ngano anayekumbukwa kama baba wa bustani za jiji hilo. Kaka Elia, nilipoanza kusoma habari zake nilitarajia kukutana na mpenda maua, lakini niliyemkuta ni mtu wa vikao, sheria na hati fungani.

ELIA: Hapo ndipo penye utamu, dada Zuhura. Loring alizaliwa mwaka 1833 huko Portland, Maine, mwana wa nahodha, na akafika Minneapolis mwaka 1860. Mji huo ulikua kwa kasi ya kutisha: sensa ya 1880 ilihesabu watu wasiofika 47,000, na ile ya 1890 ikapata zaidi ya 164,000. Ardhi iliyoamka ikiwa malisho ililala ikiwa viwanja vya kuuzwa.

ZUHURA: Kwa hiyo aliyetaka bustani alipaswa kuwahi.

ELIA: Kuwahi, tena kwa kutumia chombo kisichoamrishwa na halmashauri ya mji. Mapema mwaka 1883 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya makamishna wa bustani, yenye mamlaka ya kutwaa ardhi kwa fidia na kukopa kwa hati fungani, na mwezi Aprili wapiga kura wakairidhia, ingawa halmashauri haikupendezwa kunyang'anywa madaraka hayo. Loring akawa rais wake wa kwanza. Bodi hiyo ingali hai hadi leo, na makamishna wake bado huchaguliwa kwa kura.

ZUHURA: Nani alilipa, lakini? Bustani hainunuliwi kwa maneno matamu.

ELIA: Sehemu kubwa ya gharama walitozwa wenye viwanja vilivyopakana na bustani, kwa hoja kwamba thamani ya mali zao ingepanda. Hesabu hiyo ilifanya kazi, ila ilikuwa na upande wake mchungu, kwa sababu mtaa usiomudu tozo haukuwa na nguvu ya kudai bustani. Naona tusimpambe Loring kupita kiasi. Mfumo aliouongoza ulianza kwa kuwafaa zaidi wenye mali.

ZUHURA: Mimi ningemtetea kidogo kwa jambo moja: alijua kumsikiliza mtaalamu. Mwaka huohuo wa 1883 bodi ilimwita Horace Cleveland, msanifu wa mandhari aliyekuwa karibu na umri wa miaka 70, naye akawashauri wasitawanye viwanja vidogovidogo vya mapambo, bali waunganishe maziwa, vijito na kingo za Mto Mississippi kwa barabara pana zenye miti, wakiufikiria mji utakaokuwepo baada ya karne nzima.

ELIA: Na ndiyo maana leo mtu anaweza kutembea kando ya Ziwa Harriet bila kukuta ukuta wa jumba la tajiri majini. Ufuo ni wa umma.

ZUHURA: Wa umma, naam, ingawa ulikuwa na wenyewe kabla. Vita vya 1862 kati ya Marekani na Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, vilipokwisha, Wadakota walifukuzwa Minnesota, na ziwa lililo jirani na Harriet likabaki na jina la Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa. Jina la Kidakota, Bde Maka Ska, lilirejeshwa rasmi mwaka 2018, na hata hapo kesi ya kupinga badiliko hilo iliendelea mahakamani hadi 2020.

ELIA: Loring mwenyewe alipewa jina akiwa hai: mwaka 1890 bustani iliyoitwa Central Park ikawa Loring Park. Hakuona kuwa kazi imekwisha. Uzeeni alitoa dola 50,000 ziwe mfuko wa kutunza miti ya barabara ya kumbukumbu ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyozinduliwa mwaka 1921. Alifariki mwaka uliofuata.

ZUHURA: Na miti hiyo?

ELIA: Ilikuwa mielmu, miti mikubwa ya kivuli, mmoja kwa kila mwanajeshi au muuguzi wa Hennepin, wilaya lilimo jiji la Minneapolis, aliyepoteza maisha. Ugonjwa wa kuvu uliivamia miongo kadhaa baadaye, ikakatwa kwa wingi, na penye mashina yake ikapandwa miti ya aina nyingine.