Nakala Inapokwisha Muda: Proksi ya Akiba katika Tovuti Zenye Wasomaji Wengi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliojaa hadi ukutani, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie proksi ya akiba, yaani seva inayosimama mbele ya tovuti, ikapokea kila ombi la msomaji na kumjibu kwa nakala iliyokwisha kutayarishwa, ili programu iliyo nyuma isisumbuliwe. Mara nyingi jambo hili hufundishwa kana kwamba kazi yake ngumu ni kutunza nakala. Mimi naamini kutunza ni jambo jepesi, na kwamba ugumu wote umo katika zile sekunde chache ambazo nakala imekwisha muda wake na maelfu ya watu wangali mlangoni.

Tarehe 25 Juni 2009 Michael Jackson alifariki dunia mjini Los Angeles, na habari ilipoenea, watu wa mabara yote waliufungua ukurasa mmoja wa Wikipedia. Wakati huo Wikipedia ilikuwa imekwisha kutumia Squid, programu ya proksi ya akiba, kwa miaka kadhaa, na kwa kawaida ukurasa mmoja unaosomwa na watu wengi ndio mzigo mwepesi kuliko yote, kwa sababu nakala moja inawatosha wote. Hata hivyo seva zilizidiwa, na walioteseka hawakuwa wasomaji wa ukurasa ule peke yao.

Sababu yake inafaa tuitazame kwa utulivu. Ukurasa ule ulikuwa ukihaririwa mara kwa mara, na kila badiliko liliifuta nakala iliyokuwa katika proksi. Makala ndefu yenye violezo na tanbihi nyingi huhitaji kazi kubwa kugeuzwa kuwa ukurasa wa kusomeka. Kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa, wala si sehemu ndogo ya sekunde. Katika sekunde hizo kila msomaji aliyefika aliikosa nakala, ombi lake likapita hadi nyuma, na huko kila seva iliyolipokea ikaanza kazi ileile tangu mwanzo bila kujua kwamba jirani yake alikuwa ameishika tayari. Kabla hawajamaliza, mhariri mwingine alihifadhi badiliko jipya. Fikirini hoteli ambayo sufuria ya pilau ikiisha, kila mteja aliye kwenye foleni anainjikiwa sufuria yake nzima: jiko litajaa, kuni zitakwisha, na hata aliyeomba chai tu hatahudumiwa.

Wahandisi wa Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, walijibu kwa kutengeneza huduma ndogo iitwayo PoolCounter, ambayo kazi yake ni kuhesabu ni wangapi wanaoishughulikia kazi moja kwa wakati mmoja. Wa kwanza hupewa ruhusa ya kuutayarisha ukurasa. Wanaomfuata husubiri na kutumia alichokipata. Na foleni ikizidi kiasi, waliobaki hupewa nakala ya zamani. Mimi naupenda sana uamuzi huo wa mwisho. Msomaji aliyepewa ukurasa wa dakika moja iliyopita amepata karibu kila alichokitafuta, ilhali aliyepewa ujumbe wa hitilafu hakupata kitu, na tena atabonyeza upya na kuongeza mzigo.

Hekima hiyohiyo imo ndani ya programu ninayoitumia mimi, Varnish, na asili yake inafundisha. Gazeti la Norwei liitwalo Verdens Gang, ambalo wenyewe hulifupisha VG, lilikuwa likiendesha tovuti yake nyuma ya mashine 12 za Squid. Mwaka 2006 likagharimia programu mpya, na aliyeiandika alikuwa Poul-Henning Kamp, raia wa Denmark ambaye kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa waandishi wa kiini (ile sehemu ya ndani inayosimamia kumbukumbu na diski) cha mfumo endeshi wa FreeBSD. Ilipowekwa, mashine 3 zilitosha kufanya kazi ya zile 12.

Siisemi Squid kwa ubaya. Wenzangu wa umri wangu wanaikumbuka katika maabara za kompyuta za vyuo, kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, ilipokuwa ikitusaidia kugawana kiungo chembamba cha setilaiti. Kazi yake ya asili ilikuwa hiyo: kukaa upande wa wasomaji na kuwaokolea njia. Kuihamishia mbele ya tovuti kubwa kulidhihirisha kasoro moja. Squid ilikuwa na daftari lake lenyewe la vitu vilivyomo katika kumbukumbu na vilivyomo katika diski, wakati mfumo endeshi nao una daftari lake. Ikawa Squid inaamua kukihamishia kitu diskini, kumbe mfumo endeshi umekwisha kukipeleka huko kwa hesabu zake. Basi kinarudishwa kwanza kwenye kumbukumbu ili kipate kuandikwa mahali pengine pa diski ileile. Kamp, kwa kuwa alikijua kiini cha mfumo kwa ndani, aliacha kushindana nacho: alikiomba nafasi kubwa ya kumbukumbu pepe, yaani nafasi inayohesabiwa kuwa kumbukumbu hata kama sehemu yake iko diskini, akaweka vitu humo, na kukiachia kiini kiamue kipi kikae wapi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wahariri wa magazeti huogopa akiba kwa kuhofia kwamba habari zao zitachacha. Tuseme ukurasa wa mbele unaombwa mara 500 kwa sekunde. Ukiruhusu nakala iishi sekunde 1 tu, ombi moja litakwenda nyuma na 499 zitajibiwa mlangoni. Ukiruhusu sekunde 10, safari moja ya nyuma itahudumia maombi 5,000. Hakuna mhariri atakayeona madhara ya sekunde 10, lakini hifadhidata itayaona manufaa yake papo hapo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ukurasa unaobadilika hauna nafasi katika akiba. Ama kurasa zisizobadilika kabisa, kama matokeo ya kidato cha nne ambayo kila shule ina ukurasa wake mmoja, hizo hazina mjadala: zisiiguse hifadhidata hata kidogo.

Hesabu ya pili hupotosha wengi. Mtu akiniambia kwamba kiwango cha maombi yanayojibiwa na akiba kimepanda kutoka asilimia 95 hadi 99, anadhani amepata nyongeza ndogo. Tazameni yale yanayopita: yalikuwa 5 katika kila 100, sasa ni 1. Mzigo wa nyuma umepungua mara tano. Pimeni yanayopita, maana hayo ndiyo yanayochosha mashine.

Nakala ikiisha muda, Varnish hufanya mambo mawili. Kwanza, maombi ya anwani moja ya ukurasa hukusanywa. Moja hutumwa nyuma, mengine husubiri jibu lake. Pili, kuna muda wa nyongeza, ambao usipoubadilisha ni sekunde 10, ambamo nakala iliyokwisha muda huendelea kutolewa huku mpya ikifuatwa chinichini. Mimi huurefusha muda huo hadi saa kadhaa pale programu ya nyuma inapougua, ili wasomaji waendelee kusoma wakati sisi tunaitibu. Lakini kusubiri kuna mtego wake. Jibu likirudi na kuonekana kuwa ni la mtu mmoja, lisiloweza kugawanywa, wale waliosubiri walisubiri bure, na wakianza kupita mmoja mmoja foleni haitakwisha. Kwa hiyo Varnish hukumbuka, kwa kawaida kwa sekunde 120, kwamba anwani hiyo haigawanyiki, na huwaruhusu wote wapite kwa pamoja.

Hapo tumefika kwenye vidakuzi, yaani vipande vidogo vya data ambavyo tovuti hukiachia kivinjari cha msomaji na ambavyo hurudishwa katika kila ombi. Kwa tabia yake ya asili Varnish haimtolei nakala msomaji ambaye ombi lake limebeba kidakuzi, kwa sababu haiwezi kujua kama kinamtambulisha mtu. Ni tahadhari ya haki, ila siku hizi karibu kila tovuti imeweka zana ya kuhesabu wageni ambayo humwachia msomaji kidakuzi tangu ukurasa wa kwanza, na kuanzia hapo akiba yote hulala. Kazi ya kwanza ya mwendeshaji ni kuviondoa vile visivyoihusu seva na kukibakiza kile cha kuingia tu. Vivyo hivyo kwa anwani: mikia ya matangazo inayoongezwa na mitandao ya kijamii huufanya ukurasa mmoja uonekane kama kurasa elfu tofauti, na kila moja huanza bila nakala.

Kuviondoa vidakuzi ndiyo kazi inayonitia hofu kuliko zote. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015 duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta liitwalo Steam lilishambuliwa kwa wingi wa maombi, na katika kujihami uliwekwa mpangilio mpya wa akiba ambao kwa makosa ulitunza kurasa za watu waliokwisha kuingia katika akaunti zao. Kwa muda usiofika saa mbili wateja waliona kurasa za wenzao, zikiwa na barua pepe na, kwa baadhi yao, anwani za kutumiwa bili. Kampuni ya Valve, mmiliki wa duka hilo, ilieleza kwamba waliohusika walikuwa kama 34,000. Hakuna aliyevunja mlango, wala nywila haikuibwa. Seva ilifanya kwa uaminifu kile ilichoagizwa: kumpa wa pili jibu la wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya mpangilio wowote kwenda mbele ya wasomaji, mimi hufungua vivinjari viwili, nikaingia kwa majina mawili tofauti, nikaomba ukurasa uleule wa akaunti kutoka kila kimoja. Kisha husoma kichwa cha jibu (mstari wa maelezo unaotangulia ukurasa wenyewe) kiitwacho Age, kinachotaja nakala imekaa sekunde ngapi katika akiba. Katika ukurasa wa mbele nataka nikione kikipanda: 3, 5, 8. Katika ukurasa wa akaunti nikikiona kimepita sifuri, hata kwa sekunde moja, mpangilio ule hauendi popote siku hiyo, hata kama tovuti inalemewa.