Dodoso Lisubiri Kwanza

Asalaam alaykum. Nimeambiwa wengi mliokuja hapa Chake Chake leo ni makatibu wa vyama vya ushirika, wa mwani na wa kuweka na kukopa, na kwamba mmekuja kujifunza kutunga dodoso. Niwieni radhi, dodoso tutaliweka kando kidogo.

Chama kinataka kujua nini? Ukiniambia "tunataka kuwaelewa wanachama wetu", bado hujaniambia kitu. Ukisema "ada wanalipa, mkutanoni hawaji, kwa nini?", hapo tuna pa kuanzia. Na hiyo "kwa nini" dodoso haliiwezi, maana majibu ya kuchagua umeyaandika wewe katibu. Mama aliyeacha kuja kwa kuwa hesabu hazisomwi mbele ya watu hatalikuta jibu lake mle. Atatia tiki kwenye "shughuli nyingi", yaishe. Zungumza kwanza na watu wanane au kumi, mmoja mmoja, wakiwemo waliojitoa. Hao waliojitoa ndio wenye maneno. Ukishawasikia, tunga sasa dodoso lako ujue wenye dukuduku hilo ni wangapi.

Halafu wakati. Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, hushuka pwani siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakitoka mbali. Pita nyumba kwa nyumba asubuhi ya bamvu, utawakuta wasiolima, kisha uandike ripoti kwamba wanachama wameuchoka mwani! Nenda maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali. Au shuka nao, uwasaidie kufunga mbegu kwenye kamba, usikilize. Yanayosemwa pale, mikono ikiwa kazini, kikaoni hayasemwi. (Viatu vizuri viacheni nyumbani.)

Majadiliano ya kikundi yanafaa, ila tazameni nani kakaa na nani. Mwenyekiti akiwa katikati, au mke na mume pamoja kwenye suala la mkopo, mtaambulia "hewallah" tupu. Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, mtapita, ndio utaratibu. Lakini mkimkaribisha abaki asikilize, kazi mmeiharibu wenyewe.

Kundi la WhatsApp? Majibu yatakuja upesi, ya wenye simu kubwa. Wenye vitochi hawamo.

Mwisho ni daftari la wanachama. Mkitaka kuchukua kila jina la kumi ili mpate wa kuwauliza, lisafisheni kwanza: mna waliokwishafariki, waliohamia Unguja, na wengine wameandikwa mara mbili, kwa jina la baba na kwa jina la utani.

Haya, maswali.