Mbunge aliyekula peke yake

Mambo vipi watu wangu! Leo nipo Bronzeville, kusini mwa Chicago. Jengo hili la matofali nyuma yangu aliishi Oscar De Priest, na msipomjua siwashangai, hata hapa wengi hawamjui.

Alizaliwa Alabama mwaka 1871, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani juzijuzi tu. Familia ikahamia Kansas, naye mwaka 1889 akaja Chicago, fundi rangi, baadaye biashara ya nyumba ikampa hela. Msidhani alikuwa malaika, jamani. Mwaka 1915 akawa diwani wa kwanza mweusi wa jiji hili. 1917 akashtakiwa kwa rushwa, akatetewa na wakili mashuhuri Clarence Darrow, akaachiwa.

Mwaka 1928 akashinda ubunge kwa tiketi ya chama cha Republican. Tangu mbunge mweusi George White wa North Carolina atoke mwaka 1901, Bunge la Marekani halikuwa na mtu mweusi hata mmoja! Mwaka 1929 mke wa Rais Hoover akamwalika mke wa De Priest, Jessie, kunywa chai Ikulu. Chai tu, na wanasiasa weupe wa majimbo ya Kusini wakachachamaa utadhani nchi imeuzwa.

Sasa sikilizeni hii. Januari 1934, katibu wa De Priest, Morris Lewis, anaingia na mwanawe kwenye mgahawa wa Bunge, wanatimuliwa kwa sababu ni weusi. De Priest mwenyewe alikuwa anahudumiwa humo kwa sababu ni mbunge. Angeweza kunyamaza ale zake. Akadai uchunguzi, hoja ikakaliwa kamatini. Kuitoa kulihitaji saini 145 za wabunge. Akazunguka mbunge mmoja mmoja, mweusi peke yake kwenye Bunge la watu 435, akazipata zote! Ikaundwa kamati ya watu 5, Democrat 3, Republican 2. Wakapiga kura kichama, mgahawa ukabaki na ubaguzi wake.

Novemba ya mwaka huohuo De Priest akaangushwa na Arthur Mitchell, mweusi mwenzake wa Democrat. Wakati ule ajira zimekauka, watu wana njaa, na De Priest anapinga misaada ya serikali kuu ya Rais Roosevelt. Mimi ningekuwa mpiga kura wa mtaa huu, watoto hawajala, kura yangu angeikosa. Heshima yangu angeipata. Wewe je? Niandikie hapo chini.