Tikiti za mama: utoto wangu Leicester

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti amenikaribisha kwa maneno matamu, akawaahidi kwamba nitaeleza jinsi Wahindi wa Kenya na Uganda walivyoingia Leicester na begi moja moja wakawa matajiri. Sasa hapo ndipo mimi na yeye tunapoanza kugombana. Hadithi hiyo naipinga kila nialikwapo, na leo nimekuja kuipinga Mombasa, nilikozaliwa. Duka mimi nililiona kwa nje, dirishani. Zilizonilea ni soksi.

Tuliondoka hapa Februari 1968, mwezi ule Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakigombania ndege kabla London haijabadilisha sheria na kuwafungia mlango. Haya mwayajua, siyarudii. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi cherehani wa kuajiriwa, Biashara Street. Nasema wa kuajiriwa, maana namwona mzee pale nyuma ameshaanza kucheka, anajiuliza ni Mhindi gani huyo asiye na duka. Tulikuwa wengi, mzee wangu. Cherehani ilikuwa ya tajiri, na hata kile kiti alichokalia.

Leicester iko katikati ya Uingereza, bahari ni mbali kila uendako, na kwa miaka na miaka mji ule ulikula kwa soksi, fulana na viatu. Tulipanga nyumba ya matofali mekundu, iliyogandana na ya jirani, nayo na ya jirani yake, hivyo hivyo hadi mwisho wa mtaa. Choo kilikuwa uani. Hapa Mombasa tuliacha choo ndani ya nyumba, tukaenda Ulaya kuchutama nje kwenye theluji! Gesi ya kupikia ilikuwa na mita ya kutumbukiza shilingi, na shilingi ikiisha chapati inabaki mbichi upande mmoja. Baba akisema, "Nimetoka kwenye shilingi nimekuja kwenye shilingi, na zote hazinitoshi." Majirani zetu Waingereza walikuwa na choo kile kile na mita ile ile. Bibi wa nyumba ya pili akiniita "mi dak", yaani bata wangu, nami nikamshtaki kwa mama kwamba ananitukana. Kumbe kule kila mtu ni bata, hata kondakta wa basi.

Sasa tikiti. Wanaonijua wanajua nitafika hapa tu.

Mama hakuwahi kufanya kazi ya mshahara Mombasa. Leicester haikupita miezi mitatu akawa kiwandani. Soksi ikitoka kwenye mashine ya kufuma ni bomba tu, mwisho wake wa vidoleni uko wazi. Kazi ya mama ilikuwa kuuziba. Mbele yake kulikuwa na gurudumu lenye meno membamba kama sindano, naye anavika kitanzi kimoja cha uzi kwenye jino moja, kingine kwenye jino jingine, na gurudumu linazunguka, halimngoji mtu. Akiruka kitanzi, soksi imetoboka, inarudishwa. Malipo yalikuwa kwa dazeni. Kila bunda lilikuja na kitikiti cha karatasi. Ukimaliza bunda unakichukua chako unatia mfukoni, na mwisho wa wiki unavibandika vyote kwenye karatasi moja ofisi ihesabu. Kikipotea, basi dazeni zile hukuzifanya, hata kama mgongo wakuuma.

Karani wa mama nilikuwa mimi. Usiku wa kubandika tunasafisha meza ya jikoni, naweka bakuli la maji la kulowesha gundi, naanza. Usiku mmoja hesabu ikapungua tikiti mbili. Mama alikuwa na hesabu yake kichwani, hakuandika popote, wala sikuwahi kumwona akikosea. "Hesabu tena." Nikahesabu. "Tena." Tukainua busati. Tukakung'uta shela yake. Baba, aliyekuwa akitoka kwenda zamu ya usiku, akavuliwa viatu mlangoni vikakaguliwa. Moja tukaikuta imenata chini ya sahani. Ya pili ilikuwa kinywani mwa mdogo wangu wa miaka mitatu, na alikuwa anatafuna.

Tuliitoa kwa kidole, tukaianika juu ya hita ya mafuta ya taa kama ng'onda. Asubuhi namba zilikuwa nusu zimefutika. Msimamizi akaikataa. Mama alisimama pale na Kiingereza chake cha maneno kumi, na kati ya kumi hayo hakuna hata moja la kueleza mtoto aliyekula mshahara. Ndipo Mwingereza aliyekaa mashine ya pembeni yake akainuka, akamnyang'anya tikiti mkononi, akaenda nayo ofisini. Alirudi imepigwa muhuri. Alichosema huko ndani mama hakukijua hadi leo.

Mngependa niishie hapo, eh? Mwanamke huyo huyo, kwenye uchaguzi wa baraza la mji mwaka 1976, alikipigia kura National Front, chama kilichotaka sisi turudishwe tulikotoka. Na hakuficha. Alimwambia mama uso kwa uso, wakila sambusa za mama: "Si wewe, mi dak. Wale wengine." Kijana mmoja huko London aliniuliza kwa hasira mbona mama aliendelea kukaa naye. Angekaa wapi? Mashine zilikuwa ubavu kwa ubavu. Na sambusa mama aliendelea kupeleka, ila nilimwona siku nyingine akizitia pilipili zaidi.

Nimekwenda mbali, mwenyekiti ananionyesha saa.

Haraka haraka basi. Lile tangazo la Septemba 1972, baraza la Leicester kuwaambia Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, kupitia gazeti la kule kule, kwamba mji umejaa, msije: ndiyo, ni kweli, na watu walikuja. Kila mtangazaji wa redio huniuliza hilo na kucheka kicheko kile kile. Hakuna aniulizaye kuhusu Mei 1974, mamia ya wafanyakazi, wengi wao Wahindi wa Afrika Mashariki, walipogoma kwenye kiwanda cha mashine za kuandikia cha Imperial Typewriters. Walidai bonasi wasipunjwe. Chama chao cha wafanyakazi hakikuubariki mgomo. Walikaa nje kama miezi mitatu, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa kabisa. Binti wa mgomaji mmoja alikaa dawati moja nami. Kwa miezi ile alikuja na mkate mtupu, nasi tukijua hatusemi. Mambo hayo ndiyo ujana wangu, lakini hayamo kwenye hadithi ya begi moja.

Nilitaka pia kuwaeleza majuma mawili ya Julai, viwanda vyote vilipokuwa vikifungwa kwa mpigo, nusu ya mji ikihamia pwani ya Skegness, ambako baba aliitazama bahari ile ya kijivu, akaingiza kidole, akarudi kwenye basi. Na umeme wa mshumaa mwanzoni mwa 1974, umeme ulipoadimika Uingereza na viwanda vikafanya kazi siku tatu tu kwa wiki. Itakuwa siku nyingine.

La mwisho. 1975 nilimaliza shule na miaka kumi na sita. Mwalimu wa kushauri kazi aliniuliza jambo moja tu, mama yako anafanya wapi, akaandika. Jumatatu nilikuwa kwenye gurudumu, viti viwili kutoka kwa mama. Wiki ile ya kwanza nilifanya dazeni chache hata aibu kuzitaja, na usiku wa kubandika mama alivuta bakuli la maji upande wake, akasema, "Lete, leo nakuhesabia mimi."

Haya, maswali. La tangazo simjibu mtu.