Mito Isiyoiona Bahari

ZAWADI: Shikamoo, mzee.

IDRISA: Marahaba, mwanangu. Umenipa kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nikianguka usikate hiyo sehemu, waache wasikie.

ZAWADI: Hatukati. Wasikilizaji, karibuni tena. Mzee Idrisa mnamfahamu, ndiye anayetusimulia habari za mabwawa na mabonde. Leo tunatoka nje kabisa, tunakwenda Kazakhstan, alikosomea mambo ya maji enzi za Wasovieti. Mzee, nilipokuomba tuzungumzie mito ya kule ulicheka.

IDRISA: Nilimkumbuka mjomba wangu. Nilipokwenda kumuaga Kilosa mwaka 1987, aliniuliza, "Unakwenda kusomea maji jangwani?" Na kwenye ramani hukosi kumuunga mkono. Nchi kubwa kuliko zote duniani zisizopakana na bahari kuu, kilomita za mraba milioni 2.7. Weka Tanzania tatu humo ndani, karibu zitoshe. Nyika tupu, kisha jangwa.

ZAWADI: Nyika kama yetu, ya mbuyu na mgunga?

IDRISA: Hapana, mti hamna. Nyasi mpaka macho yachoke. Lakini mito ipo, wakihesabu na vijito vya msimu inapita 80,000. Kinachoshangaza ni inakoishia.

ZAWADI: Mto si unaishia baharini?

IDRISA: Kule mwingi hauijui bahari. Chukua Shu. Unatoka milima ya Kirgizstan, unakimbia zaidi ya kilomita 1,000, halafu unaingia mchangani. Kwisha habari. Talas hivyo hivyo. Sarysu, kilomita kama 800, unataka kuufikia mto mkubwa wa Sir Darya, unaishia kwenye vidimbwi vya chumvi.

ZAWADI: Unakauka tu?

IDRISA: Jua linakunywa, mchanga unakunywa. Na hapa Afrika Mashariki tunao wa namna hiyo. Ewaso Ng'iro ya Kaskazini inatoka upande wa Mlima Kenya, inapita Samburu, inaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Sema kwetu ni mmoja mmoja. Kule ndiyo desturi.

ZAWADI: Sarysu maana yake nini? Niliona majina mengi yana "su".

IDRISA: Su kwa Kikazakh ni maji. Sary ni njano, kwa hiyo maji ya njano. Aksu, maji meupe. Karasu, maji meusi. Ashchysu, maji machungu, hapo mfugaji ameshakuonya usinyweshe ng'ombe. Kusini mashariki kuna Zhetisu, maji saba, maana mito saba. Mchora ramani hakuwa na kazi, wachungaji walishaandika kila kitu.

ZAWADI: Wewe mwenyewe ulifanya kazi kwenye mto gani?

IDRISA: Tulipelekwa mafunzo ya vitendo kwenye kijito kimoja kinachomwaga Mto Nura, katikati ya nchi. Aprili. Nimevaa makoti mawili na bado natetemeka. Maji yamefurika, rangi ya chai ya maziwa, yanabeba mabamba ya barafu mapana kama milango. Tunashusha kipima mkondo kwa kamba, kile chenye panga mfano wa feni ndogo, zinazunguka mpaka kaunta inashindwa kusomeka. Mwezi wa Agosti tukarudishwa palepale. Nikavuka kwa miguu, kifundo hakikuzama. Nikaweka kipima mkondo, panga zikagoma. Nikamwita mwalimu nikidhani kimeharibika. Akainama, akatazama, akasema, "Andika sifuri."

ZAWADI: Kwa hiyo maji yote ni ya Aprili?

IDRISA: Mito ya nyikani, sehemu kubwa kabisa ya maji ya mwaka mzima inapita ndani ya wiki chache. Mvua ni haba, theluji ndiyo mvua yao. Inarundikana miezi mitano, halafu jua la masika linaiyeyusha yote kwa pamoja. Ardhi chini bado imeganda. Maji hayazami, ni kama umemwaga ndoo kwenye sakafu ya simenti.

ZAWADI: Ndiyo yale mafuriko ya 2024?

IDRISA: Ndiyo yaleyale. Machi na Aprili 2024. Rais Tokayev alisema huenda ndilo janga kubwa zaidi la asili kwa miaka 80. Watu zaidi ya 100,000 walihamishwa. Na mji wa Kulsary, karibu na Bahari ya Kaspi, ile isiyoungana na bahari kuu, ulizamishwa na Mto Emba. Emba! Mto ambao mwaka wa ukame haufiki hata Kaspi yenyewe.

ZAWADI: Dodoma tunajua hilo. Korongo kavu miezi tisa, watu wanachimba mchanga humo, siku moja linabeba lori.

IDRISA: Hapo umenielewa kuliko wanafunzi wangu wa Pwani.

ZAWADI: Na Nura wenyewe unaishia wapi?

IDRISA: Ziwa Tengiz, la chumvi. Na pale, mwanangu, wako heroe.

ZAWADI: Heroe? Kwenye theluji?

IDRISA: Wanakuja kuzaliana wakati wa joto, baridi ikibisha hodi wanaondoka kusini. Si hawa wadogo wa Natron, ni wale wakubwa. Siku niliyowaona nilikaa chini nikalia kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na barua kutoka nyumbani ilichukua miezi miwili.

ZAWADI: Pole, mzee. Tuje kwa Aral, lile ziwa la chumvi linaloitwa bahari, najua watu wanaisubiri.

IDRISA: Mara ya kwanza niliipita kwa treni kutoka Moscow, safari ya siku tatu na kitu. Mama mhudumu wa behewa anakuletea chai kwenye glasi iliyovishwa kikombe cha chuma. Asubuhi moja naona dirisha jeupe. Nikadhani ni umande ulioganda. Nikafungua, nikapitisha kidole, nikaonja. Chumvi. Tumesimama Aralsk, mji uliokuwa bandari ya Aral. Ndani ya kituo kuna picha kubwa ukutani, ya vigae, wavuvi wanapakia samaki. Inakumbusha mwaka 1921, walipopeleka Urusi mabehewa 14 ya samaki wakati wa njaa baada ya Lenin kuwaandikia. Nikauliza bahari iko wapi. Mama akaonyesha kwa kidevu. Mchanga. Pale ilipokimbilia mbali zaidi, ilikuwa kama kilomita 100 kutoka bandarini.

ZAWADI: Kwa sababu ya pamba.

IDRISA: Pamba na mpunga. Aral ilikuwa inakula kwa mito miwili, Sir Darya na Amu Darya. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mifereji ikavuta maji huku na huku, na mingi ilikuwa ya udongo mtupu, maji yanavuja njiani. Samaki wa asili wakafa kwa chumvi. Akabaki mmoja wa kuletwa, bapa, macho yote upande mmoja, jamaa wa gayogayo wetu. Na kiwanda cha samaki Aralsk kikaendelea kupewa kazi, Zawadi, kwa samaki walioganda, walioletwa kwa treni kutoka Baltiki na Pasifiki!

ZAWADI: Usinichekeshe.

IDRISA: Sichekeshi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 bahari ikakatika vipande viwili. Kipande kidogo cha kaskazini kikabaki na Sir Darya, upande wa Kazakhstan. Wenyeji wakajenga tuta la mchanga ili maji ya mto yasimwagikie kusini. Likabomoka, wakalijenga, mwaka 1999 dhoruba ikalimaliza. Mwaka 2005 likakamilika la maana, Kok-Aral, kama kilomita 13, kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia. Maji yakapanda hadi mita 42 kutoka usawa wa bahari kuu, haraka kuliko wahandisi walivyotarajia. Chumvi ikapungua, samaki wa mtoni wakarudi, kambare mamba hamna, lakini yuko mmoja anaitwa sudak, ukimwona utasema ni mdogo wake sangara.

ZAWADI: Lakini ngoja, mzee. Wameziba. Aliyeko kusini je? Uzbekistan?

IDRISA: Swali gumu hilo, na mimi nimelibishania mezani na wenzangu. Msimamo wangu: maji yaliyokuwa yanavukia kusini yalikuwa yanatandazwa kwenye uwanda mpana, jua linayachukua. Yasingeiokoa bahari ya kusini.

ZAWADI: Hivyo ndivyo anavyosema mwenye tuta.

IDRISA: Haya, umenipata. Lakini hata mwenye tuta ana mtu juu yake. Maji ya Sir Darya mengi yanatoka Kirgizstan, kuna bwawa la Toktogul. Enzi za Wasovieti walifungulia kiangazi, wakulima wa chini wanamwagilia, na majira ya baridi Kirgizstan inaletewa makaa na gesi. Baada ya 1991 gesi ikawa ya kununua. Wakaanza kufungulia majira ya baridi wapate umeme wa kupasha nyumba joto. Huku chini mto umeganda, maji hayana pa kupita, yanafurika vijijini. Ikabidi Kazakhstan ijenge bwawa zima, Koksaray, kuyadaka maji ya Januari ili yatumike Julai.

ZAWADI: Kumbe bomba liko kwa jirani.

IDRISA: Kwa majirani. Ili unaolisha Ziwa Balkhash unatoka China. Na hilo ziwa nalo kituko, nusu ya magharibi maji baridi kwa sababu ya Ili, nusu ya mashariki chumvi. Ural unatoka Urusi. Irtish unatoka China, na China wanachota kupeleka mji wao wa Karamay kabla haujavuka mpaka.

ZAWADI: Irtish ndio mrefu?

IDRISA: Kilomita zaidi ya 4,200 kwa jumla. Huo unafika bahari. Unaingia Urusi, unajiunga na Ob, unamwaga Aktiki. Na kuna mfereji wa kilomita 458 unaotoa maji yake kupeleka mji wa Karaganda, yanapandishwa kwa pampu zaidi ya mita 400. Mto unaopanda mlima kwa umeme.

ZAWADI: Na wenyewe unaganda?

IDRISA: Unaganda hasa. Januari nilikwenda Semey kumtembelea rafiki, akanivusha kwa miguu. Mimi natembea kama nabeba mayai, mbele yetu mzee mmoja amekaa juu ya ndoo, ametoboa tundu, anavua. Nikapigwa picha katikati ya mto. Likizo nikaipeleka Kilosa kumwonyesha mjomba.

ZAWADI: Akasemaje?

IDRISA: Akaigeuza, akaitazama nyuma, akanirudishia. "Huu ni uwanja wa mpira."