Jua la Igogo Halikuandai kwa Usiku wa Maskati

(Maneno niliyowaambia vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, katika ukumbi mmoja pale Nyakato, Mwanza.)

Mwangaluka! Naona nusu mmeitikia, nusu bado mna usingizi. Nitajitahidi kuwahi, maana ukumbi huu hauna dari, na bati likianza kulia kwa joto saa nne hakuna atakayenisikia.

Nimekaa Maskati, mji mkuu wa Omani, miaka sita, kazi yangu fundi viyoyozi. Yaani watu wakishuka kutoka juu ya paa kwa joto, mimi ndio napanda, kwa sababu kiyoyozi hakichagui siku ya baridi ili kiharibike. Juzi kijana mmoja wa bodaboda aliposikia nakuja kuzungumza nanyi, alinicheka. "Mzee, mimi nashinda juani tangu alfajiri. Joto litanifanya nini?"

Mwaka wangu wa kwanza niliondoka na maneno hayohayo. Nimezaliwa Igogo, hapahapa Mwanza, kule mawe yalikopangana kama viazi gunani. Jioni ukiegemea jiwe unahisi kabisa limeshinda juani. Nikajiona nimeshahitimu. Siku ya nne kazini niliweka spana chini nikasahau niko wapi. Nitarudi hapo.

Hebu kwanza tuutazame mji wetu. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana ukikaza sana ni nyuzi 30 na kidogo, usiku tunashuka hadi 18 hivi, mtu anavuta shuka. Halafu tuna ziwa. Mchana nchi kavu inapata moto upesi, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi. Usiku unageuka. Wazee wa mitumbwi ya tanga walijua hilo bila kusoma popote: usiku upepo unakupeleka ziwani, mchana unakurudisha nyumbani.

Sasa mtu akisikia Maskati iko ufukweni anasema, afadhali, kuna upepo. Mtego uko hapohapo. Bahari ile wakati wa joto inapita nyuzi 30, maji yako kama ya kumwogeshea mtoto. Upepo wake unaleta fukuto. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, si mbali na Maskati, saa 24 zilipita joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hesabuni vizuri: hiyo si ya mchana. Hiyo ni saa tisa ya usiku, mtu anatafuta usingizi. Magazeti yanapenda ile ya Mitribah, Kuwait, nyuzi 53.9 mwezi Julai 2016. Mimi inayonitisha ni ya Qurayyat.

Kwa nini? Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi yako, mwili unabaki na silaha moja, jasho. Na jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Akina mama wanaoanika dagaa wanalijua jambo hili kuliko daktari: kuna siku jua lipo, lakini hewa imeloa, na dagaa hawakauki. Basi na wewe siku hiyo ni dagaa. (Mnacheka, lakini ndivyo.) Ukiwa mbali na bahari, jangwani kwenyewe, mambo yanageuka: jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho, kumbe shati limejaa michoro myeupe ya chumvi. Wa pwani anajua kwamba anaumia. Wa jangwani anadanganywa na ngozi kavu.

Nirudi kwenye spana. Mwenzangu mmoja, Mpakistani, aliniuliza jina langu. Nikacheka tu. Hapo akaelewa. Akanivuta kivulini, akanivua viatu, akanimwagia maji mwilini, akachukua kipande cha boksi akanipepea huku mwingine akipiga simu ya gari la wagonjwa. Maji ya kunywa hakunipa, na alifanya sahihi: mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Joto likikupiga hivyo, linaanzia kichwani. Anayeanza kubishana ovyo au kuyumba, usimwambie "jikaze". Mpoze.

Kosa langu lilikuwa haraka. Wanaofia kazini kwa joto, wengi ni wageni wa siku za mwanzo. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri mgeni abebe moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongeze moja ya tano kila siku. Mimi nilipewa siku nzima, na jioni nikaomba ziada. Sifa!

Maji, kikombe kila baada ya dakika 15 au 20, usingoje kiu. Usifidie kwa kunywa lita mbili kwa mpigo, na chakula chenye chumvi usikiruke. Sheria nayo ijueni: Omani, kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Emirati, yaani Falme za Kiarabu, wanaanza 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita na nusu hadi saa tisa.

Lakini sheria hizo zinalinda mchana. Usiku hazimlindi mtu. Mwili usipopoa usiku, kesho unaanza kazi ukiwa tayari na deni. Wenyeji zamani walipandisha vitanda juu ya paa, na Dubai walijenga minara ya kunasa upepo. Leo kila kitu kimening'inia kwenye kompresa moja dirishani. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba, usiulize mshahara peke yake. Uliza unalala wapi, mko wangapi chumbani, na kiyoyozi kikifa usiku anaitwa nani. Wakala akianza kukuzungusha kwenye swali hilo, rudi nyumbani ukafikiri.

Dada pale nyuma anauliza kuhusu kuoga. Swali zuri. Tangi liko juu ya paa, kwa hiyo Julai bomba la maji baridi linatoa maji ya kuunguza. Tulichofanya sisi: tunaizima kabisa hita ya maji iliyo ndani. Maji yaliyolala kwenye hita mle bafuni yanapoa. Basi unaogea bomba lenye alama nyekundu, na la buluu huligusi hadi Oktoba.

Haya, bati limeanza. Bebeni viti, twende chini ya mwembe, maswali mengine nitajibu huko.