Mto Tana Hufurika Hata Jua Likiwaka

HALIMA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Ni mimi Halima, na niko na kaka yangu Komora. Leo tunazungumzia kaunti ya Tana River. Komora, ukiambiwa upime hatari ya majanga huko kwenu, unaanzia wapi?

KOMORA: Naanzia mbali, dada. Watu wengi wanapima mvua ya Garsen, na hapo ndipo wanapokosea. Maji yanayotuzamisha hayakunyesha Garsen. Yamenyesha Aberdare na Mlima Kenya, yakapitia mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere, ndipo yakateremka kwetu. Umeanika mahindi juani, na mto unapanda.

HALIMA: Lakini hayo mabwawa si yanatukinga?

KOMORA: Yanatukinga yakiwa na nafasi. Masinga likishajaa, maji yanayoingia ndiyo yanayotoka. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na kabla watu hawajapumua, masika ya 2024 yakaja mazito.

HALIMA: Nakumbuka barabara ya Lamu ilivyokatika pale Gamba. Mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, ni boti. Sasa nikuulize swali ambalo watu wa bara wanaliuliza kila mwaka: kwa nini hamhami?

KOMORA: Linaniuma, hilo swali. Mpokomo analima kando ya mto kwa sababu mafuriko ndiyo yanayoleta udongo wenye rutuba. Maji yakishuka, anapanda mpunga, mahindi, ndizi. Muorma naye anashusha ng'ombe malkani, yaani njia za mifugo kufikia mto, kiangazi, maana kwingine hakuna maji. Mto ni riziki kabla haujawa janga. Ramani ikipaka rangi nyekundu ukingo wote na kuandika "hapafai kuishi," haijamuona mtu hata mmoja.

HALIMA: Wazee walikuwa wanajuaje?

KOMORA: Nyanya yangu alikuwa na kijiti cha mkoma. Jioni anakichomeka kwenye tope, pale maji yalipoishia. Alfajiri anatoka na taa, anainama, anapima kwa vidole. Maji yakipanda vidole viwili, tunakaa. Kijiti kikiwa kimezama chote, anatuamsha, kuku kwenye tenga, unga kichwani, tunaelekea mwinuko. Hakuwa anapima kina cha maji, alikuwa anapima kasi yake. Ndicho ninachotaka kwenye ripoti ya hatari ya majanga: Masinga likifurika leo, sisi tuna siku ngapi? Na nani atatuambia, kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kabla ya usiku?

HALIMA: Kwa ukame utaratibu huo upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame inatoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23, Tana River ikiwemo.

KOMORA: Na inasaidia. Ila ukame na mafuriko visiwekwe kwenye faili mbili. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa. Mfugaji aliyebakiwa na mbuzi kumi ndiye huyo huyo aliyekutwa na maji. Hana akiba ya kuhamia popote. Gharika ya mita moja kwake si sawa na ya mita moja kwa mwenye duka Hola.

HALIMA: Na bahari je? Maana hii ni pwani.

KOMORA: Nenda Kipini, dada, uone bahari ilivyokula ufuo. Halafu panda juu kidogo, Ozi. Mto ukiwa mdogo na bamvua likaja, maji ya chumvi yanaingia mashambani. Mpunga unageuka manjano, na miembe inakauka imesimama. Hakuna helikopta inayokuja kwa janga kama hilo, kwa hiyo halihesabiwi.

HALIMA: Basi mkipewa ramani na kalamu, cha kwanza kuchorwa ni nini?

KOMORA: Mwinuko, na mtumbwi ulipo. Kisha nyumba zenye wajawazito na wazee wasioweza kutembea. Mto wenyewe tunaujua ulipo.

HALIMA: Walio Minjila, Garsen, Kipini, tutumieni ujumbe wa sauti: maji yalifika wapi kwenu 2024? Kwenye ukuta, kwenye mti, popote palipobaki alama.